Barua za Sultan Cem: Ndugu wawili walipogombana, nani alikula faida?

Ndugu msomaji, miongoni mwa hazina zilizomo katika kumbukumbu za Kasri la Topkapi, mjini Istanbul, zipo barua na taarifa zinazohusu ndugu wawili wa baba mmoja. Mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha enzi. Mwingine alikuwa mateka katika nchi za watu, akihamishwa kutoka ngome moja hadi nyingine kama mzigo wa thamani. Huyo wa pili ndiye Cem (jina lake hutamkwa Jem), mtoto wa Sultan Mehmed wa Pili, ambaye Waislamu wengi tunamjua kwa jina la Muhammad al-Fatih, mfunguzi wa Konstantinopoli mwaka 1453.

Tumezoea kusoma habari za Fatih, mizinga yake na jinsi alivyozikokota merikebu juu ya nchi kavu. Hilo ni jambo jema. Lakini ni wachache wanaosimuliwa yaliyowapata watoto wake baada ya yeye kufumba macho. Katika makala hii tutaifuata habari ya Cem kwa njia ya barua: barua alizoandikiwa zisimfikie, alizomwandikia kaka yake, zile ambazo wengine walizitumia kumdanganya mama yake, na mwisho wasia alioutoa akiwa kitandani. Lengo letu si kuhuzunika tu. Tunataka tujiulize: ugomvi ule ulimfaidisha nani? Na je, sisi katika nyumba zetu tumejifunza nini?

Barua ambayo haikufika

Fatih alifariki mwezi Mei mwaka 1481. Aliacha watoto wawili wa kiume waliokuwa hai, kila mmoja akiwa na mama yake. Mkubwa, Bayezid, alikuwa gavana wa Amasya. Mdogo, Cem, aliyezaliwa mwaka 1459, alikuwa gavana wa Karaman, makao yake yakiwa Konya. Fatih hakuacha tangazo la wazi kwamba nani amrithi. Waziri Mkuu Karamani Mehmed Pasha alimpendelea Cem, akaficha habari za msiba na kutuma wajumbe wa siri kwenda Konya. Wajumbe wale walikamatwa njiani na watu wa upande wa Bayezid.

Askari wa Janissari walipogundua kuwa Sultan amekufa na jambo limefichwa, walifanya ghasia mjini na kumuua Waziri Mkuu. Bayezid akawahi kufika Istanbul na kukalia kiti. Kwa hiyo ugomvi huu tangu siku ya kwanza ulianza na barua iliyozuiwa. Mtu mmoja alipata habari ya msiba wa baba yake mapema, mwingine akachelewa, na katika kuchelewa kule ndipo mambo yalipoharibikia.

Cem hakukubali. Alikusanya jeshi, akauteka mji wa Bursa, khutba ikasomwa kwa jina lake na sarafu zikapigwa kwa jina lake. Usultani wake huo ulidumu siku kumi na nane hivi.

Bibi mzee aliyetumwa kupatanisha

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Kabla ya vita kamili, Cem alituma ujumbe kwa kaka yake. Katika ujumbe huo walikuwamo wanachuoni, na aliyewatangulia alikuwa mwanamke mtu mzima, Selçuk Hatun, shangazi wa marehemu baba yao. Kwa vijana wale wawili alikuwa ni bibi. Alikwenda na rai kwamba watoto wa Fatih wasimwage damu: Bayezid achukue sehemu ya Ulaya, na Cem achukue Anatolia.

Bayezid alikataa. Jibu lake limebaki mashuhuri katika vitabu vya historia, nalo maana yake ni kwamba kati ya wafalme hakuna udugu wa damu.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu. Bayezid alikuwa na hoja. Mwaka 1402 babu zake walishindwa na Timur karibu na Ankara, na baada ya hapo watoto wa Sultan wa wakati ule walipigana wao kwa wao mpaka mwaka 1413, kila mmoja akitawala kipande. Dola ilikaribia kufutika. Mtu aliyesoma historia hiyo hawezi kukubali kirahisi kuikata nchi vipande viwili. Kwa hiyo kukataa kugawa dola ni jambo moja. Lakini kusema kuwa hakuna udugu ni jambo jingine kabisa. Angeweza kukataa mgawanyo na papo hapo akampa mdogo wake amani ya nafsi yake, watoto wake na mama yake, na wanachuoni wale wakawa mashahidi. Bibi yule alirudi mikono mitupu. Mwezi Juni 1481 majeshi ya ndugu wawili yalikutana karibu na Yenişehir, Cem akashindwa na kukimbia.

Misri, Hijja na barua za mashairi

Cem alichukua mama yake, Çiçek Hatun, pamoja na wake na watoto, wakasafiri mpaka Kairo, ambako Sultan Qaitbay wa Wamamluki aliwapokea kwa heshima. Kutoka Kairo alikwenda Hijja, na wanahistoria humtaja kuwa ndiye mwanamfalme wa ukoo wa Uthmani aliyeitekeleza ibada hiyo, jambo ambalo masultani wenyewe hawakulifanya wakiwa madarakani.

Ndugu hawa wawili wote walikuwa washairi. Cem ameacha diwani kwa Kituruki na kwa Kiajemi. Katika kipindi hiki waliandikiana kwa beti. Cem alilalamika kwamba mwenzake amelala penye raha ilhali yeye anagaagaa katika dhiki. Bayezid akamjibu kwa ubeti pia, maana yake ikiwa: wewe umekwishakuwa haji, mbona bado unaufukuzia ufalme wa dunia?

Ni jibu la mtu mwenye akili, na huenda lilimchoma Cem. Lakini tujiulize, je, lilimsaidia? Mtu anayelalamika kuwa amefukuzwa kwao hujibiwa kwa fumbo? Mara ngapi sisi wenyewe tumemjibu ndugu yetu kwa kumchoma, watu wakacheka na kutusifu kwa ufasaha, naye akaondoka na jeraha moyoni?

Mwaka 1482 Cem alirudi Anatolia kujaribu tena bahati yake, akashindwa mbele ya Konya na Ankara. Ni katika siku hizo Bayezid alipotoa rai ambayo kwa maoni yangu ndiyo ilikuwa mlango wa heri kwa wote: Cem apewe akche milioni moja kila mwaka, akaishi Baytul Muqaddas, karibu na Masjid al-Aqsa, aachane na habari za ufalme. Cem alikataa. Alitaka sehemu ya kutawala.

Kwa nini alikataa? Wapo watakaosema ni uroho wa madaraka, na hilo halikosi ukweli. Lakini kuna jambo lililojificha nyuma yake. Katika kanuni zinazonasibishwa na baba yao mwenyewe, mtoto atakayepata usultani aliruhusiwa kuwaua ndugu zake kwa ajili ya utulivu wa dola. Kijana aliyekulia chini ya kanuni kama hiyo, akiambiwa njoo tupatane, moyoni anasikia njoo tukumalize. Hofu huufunga mlango wa suluhu kabla ya yeyote kuugusa. Ndiyo maana mwenye nguvu ndiye anayetakiwa kuwa wa kwanza kutoa dhamana, kwa sababu mnyonge hana cha kutoa isipokuwa shingo yake.

Na hofu ile haikuwa ya bure. Cem alikuwa na mtoto mdogo, Oğuz, aliyebaki Istanbul. Mwaka huo huo wa 1482 mtoto yule aliuawa. Hakuwa amebeba upanga, wala hakujua Bursa iko wapi. Baba yake alimwandikia shairi la maombolezo, na hiyo nayo tunaweza kuihesabu miongoni mwa barua zake, barua kwa mtoto asiyeweza tena kuisoma.

Rhodes: aliyetafuta msaada akauzwa

Mwezi Julai 1482 Cem alifanya kosa ambalo hakuweza kulirekebisha mpaka kufa kwake. Alivuka bahari kwenda kisiwa cha Rhodes, kwa Wapiganaji wa Mtakatifu Yohana, watawa wa Kikristo waliokuwa maadui wakubwa wa dola ya baba yake. Miaka miwili tu nyuma, mwaka 1480, Fatih alikuwa ametuma jeshi kukizingira kisiwa hicho hicho. Mkuu wao, Pierre d'Aubusson, alimpa Cem hati ya amani. Matumaini ya Cem yalikuwa kwamba watamvusha afike upande wa Ulaya wa dola, aanze upya kumpiga kaka yake.

Walimpokea kwa ngoma na mazulia. Kabla hajaondoka kisiwani, alimwachia d'Aubusson hati za kumwakilisha katika mazungumzo na Bayezid. Yaani alimfanya adui wa baba yake kuwa wakili wa familia yake! Mwanzoni mwa Septemba akapakiwa kwenye merikebu kuelekea Ufaransa, naye akidhani ni njia tu ya kupitia.

Nyuma yake wakili alianza kazi. D'Aubusson alikubaliana na Bayezid: Sultan atalipa dukati za dhahabu 45,000 kila mwaka, na wao watamzuia Cem asirudi. Kwa hiyo yule aliyekwenda kununua msaada akawa yeye ndiye bidhaa. Kaka mtu analipa ili mdogo wake afungwe, na fedha yenyewe ni ya baitul mali ya Waislamu.

Barua za kumdanganya mama

Kama hayo hayakutosha, wakuu wa Rhodes walimgeukia mama. Çiçek Hatun alikuwa Kairo na wajukuu zake, akingoja habari za mwanawe kama anavyongoja mama yeyote. Akaletewa maandishi yenye kumpa matumaini kwamba Cem atarejeshwa Misri, ila zinahitajika gharama za safari. Mama yule, kwa msaada wa Sultan Qaitbay, alitoa dhahabu 20,000. Fedha ilipokelewa. Cem hakurejeshwa.

Ndugu msomaji, hebu litafakari hilo. Upande mmoja kaka analipa ili asirudi. Upande mwingine mama analipa ili arudi. Na mfuko unaoingia fedha zote mbili ni mmoja! Hakuna mfano ulio wazi zaidi wa mtu wa tatu anayeishi kwa ugomvi wa familia. Mtu wa namna hiyo atawezaje kutamani suluhu, wakati siku ya suluhu ndiyo siku ya kufungwa kwa duka lake?

Ufaransa: barua za kificho

Cem aliishi Ufaransa karibu miaka saba, akihamishwa ngome baada ya ngome. Wengi wa wafuasi wake waliondolewa kwake. Katika mji mdogo wa Bourganeuf alijengewa mnara maalumu wa kukaa, na mnara huo upo mpaka leo. Wenyeji wanauita mnara wa Zizim, kwani hivyo ndivyo Wafaransa walivyolitamka jina lake.

Hatukukosa kupata habari za maisha yake huko, kwa sababu mmoja wa watu waliokuwa naye aliandika kitabu cha masaibu yake, kinachojulikana kama Vakiat-i Sultan Cem. Humo tunaona jinsi watu wake walivyojaribu kupenyeza barua kwa kujibadilisha mavazi, na jinsi baadhi yao walivyopotea wasionekane tena. Kila barua ilikuwa ni roho ya mtu.

Naye Bayezid hakuwa na raha. Fedha alizolipa hazikumnunulia usingizi, kwani hakuwa na hakika kama anayelipiwa yu hai au amekufa. Mwaka 1486 alimtuma baharia mmoja, Barak Reis, apenye mpaka Ufaransa amtazame ndugu yake kwa macho. Taarifa ya baharia huyo imehifadhiwa Topkapi. Tazama hali hiyo: kaka anatuma jasusi ajue kama mdogo wake anapumua, jambo ambalo kwa watu wa nyumba moja linatosha kwa salamu ya asubuhi.

Roma: machozi mbele ya Papa

Mwaka 1489 Cem alihamishiwa Roma, mikononi mwa Papa Innocent wa Nane. D'Aubusson, aliyemtoa, alipewa cheo cha ukardinali. Kila mkono uliompokezana ulipata ujira wake.

Siku ya kupokelewa, Cem alikataa kumsujudia Papa wala kumbusu miguu kama ilivyokuwa desturi. Baadaye katika mazungumzo ya faragha alieleza jinsi alivyodanganywa, na kwamba alichokitaka ni kurudi Misri akamwone mama yake na watoto wake. Imeandikwa katika Vakiat kuwa alilia, na Papa naye macho yakamlenga machozi. Lakini machozi yale hayakufungua mlango. Papa alimshauri aende Hungaria, akaungane na jeshi la Wakristo dhidi ya kaka yake. Cem akakataa kusimama na Wakristo kuwapiga Waislamu. Alipoelekezwa kwenye kubadili dini, alijibu kuwa hawezi kuiuza dini yake, si kwa ufalme wa Uthmani wala kwa ufalme wa dunia nzima.

Hapa tumpe haki yake. Huyu mtu alikosea mengi. Lakini alipofikishwa mahali ambapo kubadilisha neno moja tu kungemtoa kifungoni, alisimama.

Bayezid alianza kumlipa Papa dukati 40,000 kila mwaka. Mwishoni mwa mwaka 1490 mjumbe wake, Mustafa Bey, alifika Roma na malipo ya miaka mitatu kwa pamoja, yaani dukati 120,000, akiwa pia na zawadi na barua ya Bayezid kwa Cem. Imesimuliwa kwamba kabla ya kuikabidhi, mjumbe alitakiwa ailambe barua ile ili ithibitike haikupakwa sumu. Hakika mwaka huo huo alikuwa amekamatwa mtu katika njama ya kuyatia sumu maji ya mahali alipokaa Cem. Barua ya kaka kwa mdogo wake, ambayo ingepaswa kubusiwa na kuwekwa kifuani, inalambwa kwanza na mjumbe! Kuaminiana kukishaondoka, hata salamu inakuwa ni tuhuma.

Wasia

Mwishoni mwa mwaka 1494 Charles wa Nane, mfalme wa Ufaransa, aliingia Roma na jeshi lake, akamlazimisha Papa aliyekuwapo, Alexander wa Sita, ampe Cem. Mfalme huyo alikuwa akitangaza vita vya msalaba, na Cem angekuwa bendera yake. Njiani Cem aliugua. Alifariki Naples tarehe 25 Februari 1495, akiwa na umri wa miaka 35. Wapo waliosema alitiliwa sumu, wapo waliosema ni maradhi.

Kabla ya kufa alimwomba Mola wake kwamba, ikiwa jina lake litatumiwa kuwaingilia Waislamu, basi amchukue kabla ya siku hiyo. Kisha akawausia watu wake: watangaze kifo chake ili asiwepo wa kupigana kwa jina lake. Waende kwa kaka yake Bayezid, wamwombe maiti yake irejeshwe katika ardhi ya Waislamu. Wamwombe awachukue jamaa zake walioko Misri, na amlipie madeni yake.

Hiyo ndiyo barua yake ya mwisho kwa kaka yake, japokuwa ilibebwa vifuani mwa watu. Hakuna humo kiti wala sarafu. Kuna kaburi, mama, watoto na deni. Miaka kumi na minne ya ugomvi ilipochujwa, yaliyobaki ni yale ambayo ndugu yeyote anaweza kumwomba nduguye.

Bayezid alipopata habari aliamuru siku tatu za maombolezo na Sala ya Ghaib ikasaliwa. Maiti ilikaa Italia miaka kadhaa kwa sababu nayo ilikuwa na bei. Mwaka 1499 ndipo ilipozikwa Bursa, katika makaburi ya Muradiye, pembeni ya kaka yao mwingine, Mustafa. Alirudi katika mji ule ule aliousimamia kwa siku kumi na nane. Mama yake alifariki Kairo mwaka 1498, hakuliona hata kaburi la mwanawe.

Hesabu ya hasara

Wanaodhani ugomvi wa nyumba huishia ndani ya nyumba watazame hesabu hii. Mwaka 1480 jeshi la Fatih lilikuwa limeteka Otranto, kusini mwa Italia. Kamanda wake, Gedik Ahmed Pasha, alihitajika katika vita vya ndugu, na Septemba 1481 mji ukapotea. Wauthmani na Wamamluki, dola mbili kubwa za Kiislamu, walipigana kuanzia mwaka 1485 hadi 1491, na kupokelewa kwa Cem Kairo kulikuwa ni mojawapo ya sababu za uhasama huo.

Na Andalusi? Waislamu wa Granada waliomba msaada kwa Bayezid katika miaka hiyo hiyo. Granada ilianguka Januari 1492. Sitasema kuwa bila ugomvi huu Granada ingepona, kwani ilikuwa mbali na ilikuwa na fitina zake yenyewe. Lakini wanahistoria wanakubaliana kuwa maadamu Cem alikuwa mikononi mwa Ulaya, Bayezid alilazimika kwenda kwa tahadhari, akichelea asifunguliwe na kurudishwa na jeshi. Sultan mwenye merikebu na mizinga alikuwa amefungwa mikono na ndugu yake aliyefungwa miguu.

Na kizazi kilichofuata? Mtoto mwingine wa Cem, Murad, aliishia Rhodes. Sultan Suleiman alipokiteka kisiwa hicho Desemba 1522, Murad aliuawa pamoja na mwanawe, miaka arobaini baada ya baba yake kushuka bandarini hapo. Bayezid mwenyewe, aliyesema kati ya wafalme hakuna udugu, mwaka 1512 aling'olewa kitini na mwanawe, Selim, akafa mwaka huo huo akiwa njiani kwenda alikozaliwa. Mlango aliowafungulia wengine, yeye naye akautokea.

Sisi na nyumba zetu

Pengine msomaji atasema: hayo ni ya wafalme, mimi nina nyumba ya vyumba sita ya urithi na kiwanja cha marehemu baba. Ndugu yangu, ukubwa wa mali hautofautishi sana. Katika miji yetu ni nyumba ngapi zimefungwa kufuli, watoto wa baba mmoja hawasalimiani msikitini, na kesi ya mirathi ina miaka kumi? Tuchukue haya machache.

Kwanza, habari ya msiba na ya mali isifichwe. Mzozo wa watoto wa Fatih ulianza kwa msiba uliofichwa na barua iliyozuiwa. Anayefungua sanduku la marehemu peke yake usiku, hata kama hakuchukua kitu, amekwishapanda mbegu ya shaka.

Pili, Mwenyezi Mungu ametutofautisha na mila ya wafalme wale kwa kutuwekea mafungu ya mirathi katika Suratun Nisaa. Kiti cha enzi hakigawanyiki, lakini nyumba na shamba vinagawanyika. Hatuna udhuru wao.

Tatu, akija bibi mzee au shangazi kupatanisha, tusimrudishe mikono mitupu. Suratul Hujurat imetufundisha kuwa waumini ni ndugu na ikatuamuru kupatanisha. Hata kama anachokiomba hakiwezekani chote, mpe kinachowezekana.

Nne, mwenye nguvu aanze kutoa amani. Anayeshika hati, anayekaa ndani ya nyumba, aliye mkubwa, huyo ndiye wa kuwaambia wadogo zake mbele ya mashahidi: haki yenu ipo, hamtatolewa. Mtu asiye na hofu hakimbilii Rhodes.

Tano, na hili ni kwa mdogo mtu, usiikatae Baytul Muqaddas kwa tamaa ya Anatolia yote. Haki pungufu iliyo na amani yaweza kuwa bora kuliko haki kamili unayoifuatilia mpaka kaburini. Na kabla hujamkabidhi mtu wa nje uwakala wa kugombana na ndugu yako, tazama kwanza anakula wapi siku mkipatana.

Sita, andika barua ya mwisho sasa. Yale aliyoyaomba Cem Naples, yaani nizike, watunze wanangu, nilipie deni, yangeweza kusemwa mwaka 1481 pale Bursa, na bibi yule angeyafikisha kwa siku chache. Leo hatuhitaji hata mjumbe. Simu iko mfukoni, na namba ya ndugu yako unaijua kwa moyo japokuwa umeifuta. Mpigie leo kabla ya Ishaa, umuulize hali ya watoto tu, mengine yatafuata.

Wallahu aalam.